CHETI CHA HISA PEKEE SI HAKI

Na mwanafunzi wa Kidato cha Tatu

Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Hata hivyo, ukiwauliza wanafunzi wenzangu wa kidato cha tatu wangependa kuwa nani siku za usoni, utajibiwa daktari, wakili, rubani, mhandisi, basi. Sijamsikia hata mmoja akisema kuwa anataka kuwa mwanaanthropolojia. Neno lenyewe likitajwa darasani watu huangua kicheko. Mmoja aliuliza kama huo ni ugonjwa wa ng'ombe. Maoni yangu ni kwamba elimu hii tunaihitaji sana hapa Kitale na kule Bungoma, hasa ule upande wake unaochunguza haki za binadamu, uraia na vyama vya ushirika vya wafanyakazi. Nitaeleza sababu zangu, nawe utapima mwenyewe.

Kwanza tuelewane kuhusu neno. Anthropolojia ni elimu ya kumchunguza binadamu katika maisha yake: anavyooa na kuzika, anavyolima, anavyogawana mali na anavyotawaliwa. Yule anayekuja na fomu huuliza maswali kumi, akashukuru, akapanda matatu akaenda zake. Mwanaanthropolojia hukaa. Hukaa mwaka mmoja au miwili, hujifunza lugha ya wenyeji, huenda nao matangani na mikutanoni, na jioni huandika aliyoyaona. Asidhani mtu kuwa hii ni kazi ya Wazungu peke yao. Rais wetu wa kwanza, Mzee Jomo Kenyatta, aliisomea elimu hii London miaka ya 1930 chini ya profesa Bronislaw Malinowski, na kitabu chake Facing Mount Kenya kilitoka mwaka 1938. Okot p'Bitek wa Uganda, yule mshairi maarufu, naye aliisomea Oxford.

Hata huku kwetu watu hawa wamefika. Mjerumani Günter Wagner alifanya utafiti miaka ya 1930 miongoni mwa Wabukusu na Wamaragoli. Juzuu ya kwanza ya kitabu chake ilichapishwa mwaka 1949 na ya pili mwaka 1956, zote kwa Kiingereza. Ni kazi kubwa, sikatai. Lakini hebu fikiria: wazee waliomweleza mila zao, ni wangapi waliowahi kuyasoma yaliyoandikwa juu yao? Hapo ndipo pana kasoro, na nitairudia baadaye.

Sasa tuje kwenye ushirika. Kuna chama cha ushirika ambacho wakulima huuza pamoja maziwa au kahawa yao. Kuna pia ushirika wa wafanyakazi, yaani wale wanaofanya kazi ndio hao hao wenye mali, na kila mwanachama ana kura moja, awe amevaa tai au ameshika jembe. Mfano unaotajwa sana duniani ni wa mji wa Mondragón huko Uhispania, ulioanza mwaka 1956 kwa msukumo wa padre mmoja, José María Arizmendiarrieta. Leo una makumi ya maelfu ya wafanyakazi. Watu wengi husifu tu. Mwanaanthropolojia mmoja Mmarekani, Sharryn Kasmir, yeye alienda akakaa na wafanyakazi wenyewe. Aliwalinganisha wale wa kiwanda cha ushirika na wale wa kiwanda cha mtu binafsi katika mji huo huo, na mwaka 1996 akatoa kitabu. Aliona kuwa wafanyakazi wengi wa kawaida katika ushirika hawakujisikia kuwa wenye mali. Wakubwa ndio waliosikika, na wale wa chini hawakuona kwamba hali yao ilikuwa bora kuliko ya jirani zao wa kiwanda cha tajiri. Kumbe mtu aweza kuitwa mwenye mali na bado asiwe na kauli!

Jambo hili si la Uhispania tu. Hapa Trans Nzoia, enzi za ukoloni, mashamba makubwa yalikuwa ya masetla, na watu wetu walikuwa vibarua: wakamuaji, madereva wa trekta, wapalilia mahindi. Baada ya uhuru wa mwaka 1963 masetla wengi waliuza. Vibarua wa mashamba kadhaa walichanga pesa, wakaunda vyama na kampuni za kununua mashamba, wakanunua yale yale waliyokuwa wakiyalima. Je, huo si ushirika wa wafanyakazi? Watu waliokuwa wakiamkia kengele ya nyapara wakawa wenye shamba. Hilo ni jambo la kujivunia, lakini ni wangapi kati yetu wanaolijua?

Babu yangu alikuwa mmoja wao. Alitoka Bungoma akiwa kijana, akaja kukamua ng'ombe wa setla mmoja karibu na Kitale. Wenzake walipoanza kuchanga, naye akachanga, na mwaka 1972 akapewa cheti cha hisa moja. Cheti hicho bado kipo ndani ya mkebe wa majani, pamoja na risiti zimefungwa kwa uzi. Shamba analilima, lakini hati ya kulimiliki hana mpaka leo. Miaka ya 1980 serikali iliagiza vyama na kampuni za namna hii zigawe mashamba ili kila mwanachama apate hati yake. Wengine walipata. Katika chama cha babu, ambacho sitakitaja jina, kamati ilibadilika, wengine wakafariki, na vitabu ikasemekana viko kwa karani. Ukimwendea karani, ametoka. Ukirudi, ni siku ya soko. Mzee amekwenda mpaka viatu vimeisha soli.

Lakini kuna jambo jingine ambalo halimo katika cheti wala katika risiti. Nilipomuuliza Kukhu, yaani nyanya yangu, pesa za hisa zilitoka wapi, alinijibu hivi: "Mjukuu wangu, mshahara wa babu yako ungenunua nini? Niliuza mtamba wangu na mbuzi wawili." Mtamba ule alikuwa amepewa na kaka yake. Basi nusu ya hisa ile au zaidi ni ya Kukhu, ila jina lake halimo popote. Babu akitangulia mbele ya haki leo, na jamaa wakaja kudai shamba, Kukhu ataonyesha nini? Mkaguzi wa hesabu akifungua vitabu ataona kila kitu kiko sawa: hisa moja, jina moja, pesa zimelipwa. Hataona mtamba. Wa kuuona ni yule aliyekaa jikoni na Kukhu akamsikiliza.

Ndiyo maana nawaheshimu watafiti wa aina hii. Parker Shipton, Mmarekani aliyefanya utafiti wa muda mrefu miongoni mwa Waluo, jirani zetu, aliandika vitabu vitatu juu ya mambo haya, mwaka 2007, 2009 na 2010. Anaeleza kuwa watu wa huku wana madeni na amana nyingi baina yao ambazo benki haizijui: ng'ombe aliyekopeshwa kwa ajili ya mahari, shamba lililoazimwa, nguvu za jirani wakati wa kupalilia. Deni laweza kupita kutoka baba hadi mwana. Aidha anaonyesha kwamba shamba lenye makaburi ya wazee si kitu cha kuwekwa rehani kwa urahisi na kunadiwa. Anayeangalia karatasi peke yake hawezi kuyajua haya.

Uraia nao unaingia wapi? Unaingia mlangoni kabisa. Katika machafuko ya mwaka 1991 hadi 1993, na tena baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, familia nyingi katika wilaya zetu zilifukuzwa mashambani. Baadhi walikuwa wamenunua kwa jasho lao. Waliambiwa warudi "kwao". Kwao ni wapi, nao ni Wakenya? Risiti haikuwa ngao siku hiyo. Kwa hivyo mtu anaweza kuwa na hisa bila hati, na hata akiwa na hati, jirani asipomkubali kuwa raia mwenzake, hati yake ni karatasi tu.

Tazama pia Wamakonde wa Pwani. Mababu wengi wao walitoka Msumbiji wakaletwa kufanya kazi katika mashamba ya mkonge na miwa. Walizaa watoto na wajukuu hapa, lakini vitambulisho hawakuwa navyo. Bila kitambulisho hufungui akaunti ya benki wala huandikishwi kirahisi katika chama. Mwezi wa Oktoba 2016 waliandamana kwa miguu kutoka Kwale kwenda Nairobi, na baadaye serikali ikawatambua kuwa kabila la 43 la Kenya. Fikiria hiyo! Watu waliofanya kazi nchini vizazi kadhaa wakahitaji kutembea mpaka jiji kuu ili waitwe raia.

Naam, wapo watakaonipinga. Wa kwanza watasema, "Hiyo anthropolojia utaila?" Nawajibu kuwa anayejua kuuliza na kusikiliza hakosi kazi. Mahakama humhitaji, tume za ardhi humhitaji, vyama vya ushirika humhitaji, magazeti pia. Wa pili watasema kuwa maafisa wa ushirika wapo, na sheria zipo tele. Ni kweli. Lakini afisa hukagua vitabu, na nimeonyesha kuwa vitabu vinaweza kuwa safi na mtu akawa amedhulumiwa. Wa tatu watasema kwamba watafiti huja, wakachukua maneno yetu, wakapata digrii zao na hatuwaoni tena. Hawa nawaunga mkono kwa mikono miwili! Dawa yake, lakini, si kufukuza elimu hii. Dawa ni sisi wenyewe kuishika.

Isitoshe, wako watakaosema kuwa ushirika umepitwa na wakati, bora kuajiriwa. Haya, twende Webuye. Kiwanda cha karatasi pale kilikuwa tegemeo la mji mzima, na kilipofungwa mwaka 2009 wafanyakazi walitoka mikono mitupu na mji ukapooza. Kiliuzwa mwaka 2016, lakini waliokuwa wakiendesha mitambo yake hawakuwa na sauti katika kuuzwa huko, kwa kuwa walikuwa waajiriwa tu. Mwenye hisa, hata kama anasumbuliwa kama babu, angalau ana mahali pa kuanzia kudai.

Ninapendekeza nini basi? Nina mambo manne, na yote yanaweza kuanza katika chama chetu hiki cha Kiswahili.

Kwanza, wakati wa likizo kila mwanachama amhoji mzee mmoja, mwanamume au mwanamke, aliyefanya kazi katika shamba la setla au aliyejiunga na ushirika. Tusiwasahau akina mama, maana wao hawaulizwi. Tuulize nani alitoa nini, nani aliandikwa na nani hakuandikwa.

Pili, tuandike kwa Kiswahili. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 7, inasema Kiswahili ni lugha ya taifa na pia lugha rasmi. Kule Trans Nzoia kuna Mbukusu, Mkalenjin, Mkikuyu, Mturkana, Mteso na wengine, na wote wanakutana katika Kiswahili. Kitabu juu yao kikiandikwa kwa lugha wasiyoisoma, ni kama kumsengenya mtu akiwa amekaa hapo hapo.

Tatu, tulichoandika tukirudishe. Tumsomee mzee maneno yake, naye aseme hapa umekosea, hapa usiandike. Siri za nyumba tuziache nyumbani. Yale aliyoyakubali tunaweza kuomba yawekwe katika jumba la makumbusho la Kitale, ambalo liko hapa hapa mjini, watoto wa baadaye wasome.

Nne, tujifunze haki zetu na kuwafundisha wazee wetu. Kifungu cha 35 cha Katiba humpa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, na hata zilizo mikononi mwa mtu mwingine iwapo anazihitaji ili kulinda haki yake. Maana yake ni kwamba vitabu vya chama si mali ya karani. Mwanachama aweza kuandika barua, akataja kifungu, akaweka nakala. Sisi tunaojua kuandika barua rasmi kwa ajili ya mtihani, mbona tusiwaandikie wazee wetu barua za kweli?

Walimu wetu wapenzi nao nawaomba wasituambie tu juu ya udaktari na uhandisi siku ya ushauri wa kazi. Watutajie na elimu hii ya kumsikiliza binadamu. Nchi yenye madaktari wazuri na wakulima wasio na kauli katika vyama vyao bado ni mgonjwa.

Namaliza kwa kusema hivi: cheti kinaonyesha kuwa ulilipa, kitambulisho kinaonyesha kuwa uliandikishwa. Lakini haki yako inaanza pale unapoweza kusimama mkutanoni, ukauliza swali, na ukajibiwa. Wazee wetu walichanga wakanunua mashamba. Sisi tuchange maswali. Likizo ya Agosti si mbali, tafuta kalamu na daftari uanze na yule aliye karibu nawe.