Kahawa si usingizi: masaa ya waganga wanaojifunza upasuaji yahesabiwe

Mwishoni mwa Januari 2025, wakati wa mapigano ya Goma, hospitali ya CBCA Ndosho ilipokea majeruhi wengi kuliko vitanda vyake. Siku za namna hiyo mganga hahesabu masaa, na hakuna wa kumlaumu kwa kikombe cha kahawa, tena kahawa ya Kivu.

Taabu inaanza pale dharura inapogeuka desturi. Vijana wanaojifunza upasuaji ndio wanaobeba zamu za usiku, na kahawa ndiyo inayowasukuma hadi asubuhi. Lakini kafeini haiondoi uchovu, inauzuia tu ubongo usiusikie. Karibu nusu ya ile iliyonywewa saa nne usiku ingali mwilini saa tisa, hivyo hata nafasi ndogo ya kulala ikipatikana, usingizi unakataa. Ikizidi, mkono unatetemeka, mkono uleule unaoshika kisu.

Huko New York, kifo cha Libby Zion, msichana wa miaka 18, mwaka 1984 kilizusha mjadala mkali juu ya zamu ndefu za waganga walio mafunzoni. Jimbo hilo likaweka kikomo cha masaa 80 kwa juma. Mwaka 2003 kikaenea Marekani nzima. Masaa 80 bado ni mengi mno, lakini angalau yanahesabiwa.

Hapa kwetu, wakuu wa hospitali na vyuo vikuu waandike masaa ya kila zamu. Aliyekesha asipangiwe asubuhi upasuaji unaoweza kungoja. Na awe na chumba cha kulala, chenye kitanda na chandarua.