Baraza ya Karani: Barua ya Rosa



Juma lililopita alikuja ofisini mzee mmoja wa huku kwetu Busisi, baba wa watoto sita, mtu asiyekosa Misa wala zaka. Alikuwa na kitabu mkononi, amekishika kwa ncha za vidole kama mtu ashikaye panya aliyekufa. Alikikuta katika mfuko wa binti yake aliyekuja likizo. Akakiweka mezani pangu, akasema: "Karani, mpe Padre. Nje kina jina la Mama Maria, ndani uchafu mtupu. Nataka akitaje kanisani."

Jina la kitabu ni Rosa Mistika. Juu ya jina mzee alisema kweli, maana ninyi msalio Litania ya Bikira Maria mnalijua: ndilo Waridi lenye fumbo, kwa Kilatini. Padre alikuwa vigangoni, basi kitabu kikabaki kwangu. Nilikuwa nimekwisha kukisoma zamani nilipokuwa chuo cha ualimu, nikakisoma tena usiku ule. Leo nataka kusema nanyi habari zake, hasa ninyi akina baba.

Mwandishi wake si mgeni kwetu. Ni Euphrase Kezilahabi, aliyezaliwa mwaka 1944 Namagondo, kisiwani Ukerewe. Alisoma Seminari ya Nyegezi, hapa hapa Mwanza, kisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambako baadaye alifundisha miaka mingi. Uzeeni alifundisha Botswana, akafariki Januari 2020, Mungu amrehemu. Rosa Mistika ndicho kitabu chake cha kwanza cha hadithi, kilichotoka mwaka 1971. Kilikatazwa mashuleni kwa muda, kisha kikaruhusiwa. Basi mzee wangu si mtu wa kwanza kukikasirikia.

Sikisifu chote. Yamo mambo ambayo nisingempa mtoto wa darasa la tano. Lakini yule aliyekiandika aliijua nyumba ya Mkristo wa kijijini kwa ndani, pale ambapo mgeni hakaribishwi.

Zakaria, baba yake Rosa, ni mlevi. Mkewe Regina ndiye mwenye kuvumilia, naye hupigwa. Zakaria hana habari nyingi za binti zake, ila jambo moja alilishika: Rosa asionekane na mvulana. Siku alipoikuta barua ambayo kijana Charles alimwandikia Rosa, alimpiga binti yule vibaya sana. Tangu hapo Rosa aliwaogopa wavulana kama watu waogopavyo mamba, na majirani wakadhani hiyo ndiyo tabia njema.

Ngojeni kidogo hapo, maana wengi hupita mbio ili wafike kwenye dhambi za Rosa. Rosa hakuwa mwema kwa kupenda wema. Alikuwa na hofu ya baba tu. Alipokwenda Mwanza shule ya sekondari, fimbo ilibaki Ukerewe, na ndani ya moyo wake hapakuwa na kitu kingine cha kumwongoza. Hakupata kuulizwa nyumbani, "Wewe waonaje?" Hakupata kuambiwa mvulana ni mtu wa namna gani, wala yeye mwenyewe ana thamani gani. Basi kila aliyekuja akamwambia yeye ni nani, alimsadiki: rafiki wa dansi, bwana mwenye fedha, hata wakubwa waliopaswa kumlinda. Akaendelea hivyo mpaka chuo cha ualimu Morogoro, na kutoa mimba kukawamo. Mwishowe Charles yule yule wa barua alirudi kutaka kumwoa, na alipojua mambo yaliyopita akamwacha. Rosa akajiua.

Najua neno hilo lawatisha. Kanisa latufundisha tusikate tamaa juu ya wokovu wa watu wa namna hiyo, bali tuwaombee. Naye mwandishi hakukomea kaburini. Mwisho wa kitabu baba na binti wafika mbele ya Mungu, na swali ni lile lile tuliulizalo msibani kwa kunong'ona: kosa ni la nani?

Najua wengine mtasema, "Karani, baba kuogopwa ndiyo desturi yetu tangu wazee." Sivyo hivyo tu. Ukerewe hiyo hiyo alikuwapo mwandishi mwingine, Mkatoliki mwenzetu, Mzee Aniceti Kitereza. Alimaliza hadithi yake ndefu mwaka 1945 kwa Kikerewe, kisha akaitia mwenyewe katika Kiswahili, nayo ikatolewa mwaka 1980. Mwaka uliofuata alifariki. Humo yumo Bwana Myombekere, ambaye mkewe Bugonoka hana mtoto. Ndugu za mume wakamsimanga mke, wakwe wakamchukua binti yao. Myombekere angeweza kuoa mwingine, na nani angemlaumu? Yeye aliwafuata ukweni, akaomba, akatozwa pombe ya ndizi, akahangaika kuipata ili arudishiwe mke wake. Mtu wa kale huyo, hajaona padre wala maji ya ubatizo, na hakuona haya kunyenyekea kwa ajili ya nyumba yake. Zakaria ana jina la Kikristo.

Kezilahabi alilirudia jambo hili la nyumba katika Kichwamaji, kilichotoka 1974. Humo kijana Kazimoto, msomi wa Chuo Kikuu, amekuwa kama mgeni kwao. Lakini kitabu hicho ni kigumu, chataka siku yake.

Sasa niseme langu, maana si haki kumsema Zakaria peke yake.

Huku kwetu barua nyingi hupitia sanduku la posta la parokia. Karani huzipanga, na Jumapili baada ya Misa huwaita wenyewe. Miaka kadhaa iliyopita, nilipokuwa mpya katika kazi hii, ilikuja barua ya binti mmoja, ambaye simtaji. Mwandiko ulikuwa wa kijana. Binti hakuwapo siku ile, baba yake alikuwapo. Nikampa baba. Tena nilimpa kwa kujisifu kidogo, nikijiona mlinzi wa vijana. Jioni ile kilio kilisikika mpaka kisimani. Baada ya siku chache binti alipanda kivuko, akaenda Mwanza bila kuaga.

Katika daftari la ubatizo, kando ya kila jina, huachwa nafasi ya kuandika Kipaimara na Ndoa. Kipaimara chake nilikiandika mimi mwenyewe, kwa wino mweusi. Nafasi ya ndoa ni tupu hata leo, wala hakuna parokia yoyote iliyotuletea habari zake. Kila nifunuapo ukurasa ule kumtafutia mtu mwingine cheti, naliona jina lake. Sikujua barua ile ilisema nini. Labda ilikuwa ya salamu tu.

Siku hizi hakuna haja ya kivuko. Tangu Juni 2025 tuna daraja letu, Kigongo hata Busisi, na binti akiondoka kwa hasira saa mbili, saa tatu yumo mjini. Barua nazo zimehamia kwenye simu, ambazo baba hajui kuzifungua. Twadhani tutawalinda watoto kwa kuwapekua mifuko. Tutapekua mangapi?

Nirudi kwa mzee wangu. Siku ya tatu alikuja binti mwenyewe, akitaka cheti cha ubatizo. Akakiona kitabu mezani, akainamisha macho. Nikamwuliza kama baba amemgombeza sana. Akajibu, "Hakunigombeza. Hakuniuliza hata kinasema nini." Akapokea cheti chake akaenda zake.

Mzee akaja jioni kuuliza jibu la Padre. Nikamwambia Padre hajarudi, nikamwomba akae barazani anisomee kurasa za mwanzo, maana macho yangu yamechoka. Huo ulikuwa uongo mdogo, nitauungama. Alianza kwa sauti kubwa, kama asomaye waraka wa Askofu. Alipofika kwenye ile barua sauti ikapungua, kisha akasoma kimya, midomo ikitikisika. Giza likaanza kuingia. Akaniuliza:

"Huyu Zakaria, ni mtu wa Namagondo kweli?"

Nikamwambia ni wa kitabuni tu.

Akakaa kitambo. Kisha akauliza kama Padre angekasirika akikaa na kitabu hicho mpaka Jumapili. Nikampa. Jumapili imepita, kitabu hakijarudi, nami sijamdai.