Tuliofilisika Twende Mlango Gani?

Sisi wauza samaki, mafundi, wanabodaboda na wenye vibanda, kuanzia Dunga hadi Kondele hapa Kisumu, tumechoka kuuliza: aliyelemewa na madeni aende wapi? Njia za kukopa tunazijua, zimejaa kwenye simu: M-Shwari tangu 2012, Fuliza tangu 2019, Hustler Fund tangu mwishoni mwa 2022. Ya kutokea hatuonyeshwi.

Waulizeni wafugaji wa samaki wa vizimba. Novemba 2022 samaki walikufa kwa wingi ziwani upande wa Kisumu, wakaelea matumbo juu. Chakula chao kilikuwa cha mkopo, hata vifaranga. Samaki walioza, deni likabaki likizaa riba.

Na sheria ipo! Sheria ya Ufilisi ya 2015 inasema asiye na mali ya kuuzwa, anayedaiwa kati ya shilingi 100,000 na milioni 4, anaweza kumwomba Mpokeaji Rasmi, afisa wa serikali anayesimamia ufilisi, amwingize kwenye utaratibu wa wasio na mali. Baada ya miezi 12, madeni mengi hufutwa. Mwingine anaweza kuomba Mahakama Kuu imtangaze muflisi, na mahakama hiyo tunayo hapa hapa Kisumu. Nani alitwambia haya? Chifu hakusema, mkopeshaji ndiyo kabisa. Makao ya Mpokeaji Rasmi yako Nairobi, na fomu ni za Kiingereza cha mawakili.

Mwenzetu mmoja, mama wa omena, alikwenda kuulizia katika ofisi moja mjini. Karani akamwuliza, "Mama, kampuni yako inaitwaje?" Kampuni gani? Ana beseni na karai la kukaangia. Akaelekezwa kwa wakili, wakili akataka malipo ya kwanza kabla ya kufungua faili. Yaani mtu anaomba itambuliwe kwamba hana kitu, naye anadaiwa kitu ili asikilizwe! Wiki hiyo hiyo wanachama wenzake wa kikundi cha mikopo wakamwendea nyumbani wakabeba godoro, sufuria na mtungi wa gesi. Hata mahakama ikitoa amri ya kukamata mali, sheria inaacha vyombo vya kupikia na matandiko. Hao hawakuwa na amri yoyote.

Wengine wetu wamebadilisha laini za simu, wengine wamehamia visiwani. Wapo wanaotishiwa gereza la Kodiaga, maana mdai bado anaweza kuiomba mahakama imfunge mdaiwa, mradi agharimie chakula chake huko ndani.

Tunataka Mpokeaji Rasmi aje Kisumu kwa siku inayojulikana, na Homa Bay, na Usenge. Tunataka fomu za Kiswahili na Dholuo, na mtu wa kumjazia asiyejua kuandika, bila malipo. Maelezo ya sheria hii yasomwe kwenye baraza za machifu na kwenye mikutano ya kamati za ufuo. Maafisa wa mikopo hutufikia mpaka mashua zinapotia nanga, alfajiri, bila kuitwa. Huyu wa serikali tunamwita.