Picha ya Springi Si Kipimo

Wasee, leo niko na maneno na nyinyi watu wa "tuma bei".

Nyumbani kuna mlango wa gereji, ule wa kupanda juu. Asubuhi mnasikia mlio kama risasi. Springi imekatika, gari ya mzae imefungiwa ndani. Unafanya nini? Unapiga picha ukiwa chini, unamtumia fundi: "Buda, springi kama hii ni pesa ngapi?" Akikuambia lazima aje apime kwanza na umlipe nauli, unamwita mwizi.

Mimi wikendi hushinda na anko wangu, hiyo milango ndio kazi yake. Sasa sikia.

Chukua springi mbili, upana sawa, idadi ya mizunguko sawa. Moja waya yake ni milimita 5, nyingine 5.5. Kwa picha hizo ni mapacha. Lakini ugumu wa springi hufuata unene wa waya ukizidishwa wenyewe kwa wenyewe mara nne. Toa kikokotoo cha simu: 1.1 × 1.1 × 1.1 × 1.1. Umepata 1.46, sindio? Nusu milimita tu, na springi imekuwa kali karibu nusu zaidi. Mlango unajirukia juu, unakataa kukaa chini. Ukikosea upande ule mwingine unakuwa mzito kama jiwe, na mota inaumia bure.

Ndio maana anko hapimi waya moja. Anapima mizunguko 10 iliyogusana, anagawanya kwa 10. Milimita 50 ama 55, hapo hata rula ya shule inaona tofauti. Halafu upana wa ndani. Halafu urefu, vipande vyote viwili bila ule mwanya wa katikati, na springi ikiwa imelegea kabisa. Hapa ndio wengi huanguka: springi iliyokazwa hurefuka kwa unene wa waya moja kila inapozungushwa. Ikiwa imekazwa mara 7 na waya ni ya 5.5, umejiongezea karibu sentimita 4 za uongo. Anaangalia pia msokoto ni wa kulia ama wa kushoto. Na asipoiamini ile ya zamani (kwani nani alisema iliyowekwa mwanzo ilikuwa sawa?) anapima uzito wa mlango wenyewe kwa mizani, springi zikiwa zimelegezwa.

Hiyo ni kazi, bana. Si "kuja kuangalia tu".

Mwaka jana kuna mteja alikataa kulipia kupimwa. Akatuma picha, akasisitiza ni "ile ya kawaida". Anko alikuwa na karo ya kulipa, akakubali kukadiria. Hilo ni kosa lake na nilimwambia. Springi ikawa kali kuliko mlango. Akiwa anailegeza aitoe, chuma cha kukazia kikamponyoka, vidole viwili vikavunjika. Wiki sita nyumbani. Mteja alisema nini? "Si wewe ndio fundi?"

Na nyinyi mafundi mnaosema "hizi zote ni sawa, bosi", nyinyi ndio mmefundisha watu kwamba kupima ni bure. Mnashinda kazi kwa kukadiria, halafu anayekuja na tepu anaonekana mjanja.

Kabla mtu akimbilie ngazi kunionyesha kwamba anaweza kujipimia: kama springi ni mbili na moja imekatika, ile nyingine bado imekazwa. Wachana na zile skrubu zake.

Anko amerudi kazini. Juzi mteja mwingine akatuma picha, ameweka kalamu kando ya springi ndio tuone ukubwa. Nikamjibu bei ya kuja kupima, na kwamba tutaipunguza kwa gharama akitupatia kazi. Hadi saa hii ni tiki mbili za bluu.