Nimeifuta safu ya kalori

Wasomaji, leo naomba tuache msimbo kidogo. Binamu yangu hapa Bongwe aliniomba nimtengenezee programu ya kuhesabu kalori kwenye simu. Nilikuwa nimeshaanza aliponieleza (ameniruhusu niandike) kwamba hula kwa pupa akiwa peke yake, kisha hujitapisha. Nyumbani wanadhani ni vidonda vya tumbo.

Ni bulimia, ugonjwa ambao daktari Gerald Russell wa London aliueleza mwaka 1979. Unatibika. Tiba ya mazungumzo ya Christopher Fairburn wa Oxford huchukua vikao kama 20. Mgonjwa huandika kila anachokula, saa ngapi na alivyojisikia, lakini kalori HAANDIKI! Hula kwa saa maalumu, maana kujinyima ndiko kunakoleta ile pupa.

Sisi wanaprogramu tunapenda kuhesabu kila kitu, na naona hapa tunakosea. Kwa mtu kama yeye, namba ile ni sababu nyingine ya kujinyima. Nimeifuta safu ya kalori, nikabakisha saa, chakula na hisia.

Haitoshi, najua. Kutapika mara kwa mara hushusha potasiamu mwilini, na moyo unaweza kuyumba. Jumatatu twaenda naye hospitali ya Msambweni.