TUJUE SHERIA: Fundi bila leseni, jasho bila malipo

Mwezi huu tunaongea habari ya mafundi wa ujenzi, hasa ndugu zetu waliotoka hapa kambini wakapelekwa Marekani, katika jimbo la California.

Ilianza hivi. Mama mmoja alitufuata shuleni baada ya vipindi, simu mkononi. Mtoto wake aliondoka hapa mwaka 2017. Alikuwa amemtumia mama picha ya barua ya Kiingereza pamoja na sauti ndefu ya WhatsApp. Mama akataka tumsomee barua. Ametukubalia tuwaelezeni habari hii, ila majina tumeyaacha.

Kijana huyo alipokuwa hapa alikuwa mwashi. Tofali za udongo alizipanga kwa kamba, ukuta unasimama wima. Kule alijifunza na kazi ya vigae. Mwaka 2025 mwenye nyumba mmoja alimwomba atengeneze sakafu ya jikoni na bafu. Wakapatana dola 6,500, vifaa na kazi pamoja. Akapewa dola 2,000 za kuanzia, akanunua vigae, akafanya kazi kila jioni na Jumamosi kwa sababu mchana ana kibarua kingine. Alipomaliza akaomba dola 4,500 zilizobaki. Mwenye nyumba akamuuliza: namba yako ya leseni iko wapi? Hakuwa nayo. Ndipo barua ikaja: hatalipwa, na akisumbua atadaiwa hata zile dola 2,000 alizokwisha pokea.

Mama alituuliza swali moja tu: "Walimu, mwanangu ameiba nini?"

Hapana mama, hakuiba. Lakini mwenye nyumba alijua sheria, na kijana wetu hakuijua. Ndiyo sababu tunaandika.

Kule California kuna ofisi ya serikali inayotoa leseni za makandarasi, inaitwa Contractors State License Board. Ipo tangu mwaka 1929. Mkandarasi siyo tajiri mwenye magari na matingatinga peke yake. Ni mtu yeyote anayepatana bei na mwenye nyumba kwamba nitakujengea, nitakupakia rangi, nitakuwekea vigae. Kwa hiyo hata wewe mwenye ndoo moja na mwiko mmoja, ukishapatana kazi yako mwenyewe, sheria inakuita mkandarasi.

Kazi ndogo ndogo zinaruhusiwa bila leseni. Zamani mwisho ulikuwa chini ya dola 500. Tangu tarehe 1 Januari 2025 ni chini ya dola 1,000, ukihesabu vifaa na ufundi kwa pamoja. Kuna masharti mawili: kazi yenyewe isiwe ya kuhitaji kibali cha ujenzi, na usiajiri mtu wa kukusaidia. Wengine hudhani ni ujanja kuikata kazi ya dola 3,000 vipande vinne ili kila kipande kiwe kidogo. Sheria imeshaliona hilo, inalikataza.

Sasa adhabu. Tuzihesabu polepole kama darasani.

Kwanza, kupoteza malipo. Asiye na leseni hawezi kumshtaki mwenye nyumba mahakamani ili alipwe, hata kama kazi ni nzuri, hata kama mwenye nyumba alijua tangu mwanzo kwamba fundi hana leseni. Tena mwenye nyumba anaweza kwenda mahakamani kudai arudishiwe kila alicholipa. Hapo ndipo kijana wetu alipokwama.

Pili, faini ya ofisi. Ile ofisi ya leseni yenyewe inaweza kukuandikia faini kabla hujafika kwa hakimu. Inaweza kufika dola 15,000.

Tatu, mahakama. Kufanya kazi hiyo bila leseni ni kosa la jinai. Ukikutwa na hatia mara ya kwanza, faini inaweza kufika dola 5,000, au jela mpaka miezi sita, au vyote viwili. Mara ya pili, kwa kawaida jela ni siku 90 au zaidi, na faini ni dola 5,000 au asilimia 20 ya bei ya kazi, ile iliyo kubwa. Wanafunzi, pigeni hesabu: kazi ya dola 40,000, asilimia 20 yake ni ngapi? Ni dola 8,000. Basi utatozwa 8,000, siyo 5,000.

Nne, kuazima leseni. Jamaa anakwambia, tumia namba yangu, tutagawana. Usikubali. Kutumia leseni ya mwingine ni kosa zito zaidi: faini mpaka dola 10,000, na kifungo juu yake kinawezekana.

Tano, kazi za maafa. Mwezi Januari 2025 moto mkubwa uliunguza maelfu ya nyumba huko Los Angeles, na kazi za kujenga upya zikawa nyingi. Kijana anayesikia kuna kazi atatamani kukimbilia. Lakini mahali palipotangazwa hali ya hatari, kutengeneza nyumba zilizoharibiwa na maafa bila leseni kunaweza kukupeleka jela mpaka miaka mitatu.

Na sisi wakimbizi tuongeze la sita. Mtu anapoomba uraia wa Marekani huulizwa kama amewahi kukamatwa au kushtakiwa. Kesi ya vigae inaweza kumfuata mpaka siku hiyo.

Wengine watasema, jamani, hiyo sheria ni kali mno. Hata sisi tulisema hivyo. Lakini tujiulize: waya ukifungwa vibaya nyumba ikaungua, nani atalipa? Ukuta ukimwangukia kibarua, nani atamtibu? Mwenye leseni anaweka dhamana ya dola 25,000, na akiwa na wafanyakazi lazima awakatie bima ya ajali kazini. Hata hapa Tanzania makandarasi wana bodi yao ya usajili, chini ya sheria ya mwaka 1997. Hapa kambini fundi anajulikana kwa nyumba zake. Ukitaka kujua kama ni mzuri, unaenda kuzitazama mvua ikinyesha. Kule hakuna anayemjua, kwa hiyo wanaomba karatasi.

Je, ndugu yetu afanye nini? Njia ipo. Akiajiriwa na mkandarasi mwenye leseni, akalipwa mshahara, yeye mwenyewe hahitaji leseni. Akifanya hivyo miaka minne kama fundi kamili, siyo msaidizi wa kubeba mchanga, anaweza kuomba leseni yake, mradi awe na mtu aliyeiona kazi yake wa kusaini. Kuna mitihani miwili, mmoja wa sheria na biashara, mwingine wa ufundi wenyewe. Kwa hiyo atunze karatasi zote za malipo, asizitupe.

Angalizo: kila jimbo la Marekani lina sheria yake. Texas, kwa mfano, haina leseni ya jimbo kwa mkandarasi wa kawaida, lakini fundi umeme na fundi bomba wanatakiwa kuwa nayo. Ndugu yako akiwa jimbo lingine, aulize hukohuko.

Tumebakiza neno moja, nalo linatuhusu sisi tuliobaki. Katika ile sauti ya WhatsApp kijana alieleza kwa nini aliharakisha. Alisema, "Mama, mlinipigia mara tatu wiki ile. Mdogo wangu anaumwa, ada ya shule, mgao umepungua. Niliona kazi ya dola elfu sita, sikuuliza kitu."

Mama aliposikia hayo alinyamaza muda mrefu. Na sisi tulinyamaza, maana hata sisi tuna ndugu kule, na tunajua jinsi tunavyowapigia. Tangu safari za wakimbizi kwenda Marekani ziliposimamishwa mwezi Januari 2025, wengi tuliokuwa tunangoja zamu tumebaki kuwaegemea hao waliotangulia. Shida zetu ni za kweli, hatusemi watu wasiombe. Tunasema unapoomba, uliza pia: kazi hiyo unaifanya chini ya nani? Una karatasi? Wewe mwenyewe umekula?

Kijana sasa ameajiriwa na mkandarasi mwenye leseni. Analipwa kwa saa, hela siyo nyingi. Zile dola 4,500 hakuzipata, na hazitarudi. Mama alituomba tumrekodie jibu, akasema hivi: "Mwanangu, fanya taratibu. Huku tutakula kilichopo. Hiyo miaka minne uihesabu, na mimi nitaihesabu."

Mwenye swali alilete shuleni baada ya vipindi, au ampe mwanafunzi karatasi atuletee. Tukutane mwezi ujao, Mungu akipenda.

Ni sisi walimu wenu wa kujitolea.