Wembe Mmoja, Kidevu Kimoja

Katika nyumba nyingi za vijijini kwetu, tangu Rulenge na Murgwanza upande wa Ngara hadi Nyakahura upande wa Biharamulo, ukitazama ukuta ulio karibu na mlango utauona wembe wa dukani umechomekwa katika ufa wa udongo, nusu yake imezama ndani na nusu imebaki nje ikiwa imeshika kutu kidogo. Na ukiuliza ni wa nani, utajibiwa kuwa ni wa nyumba. Asubuhi mtoto wa darasa la tatu huchongea penseli yake, mchana mama hukatia uzi na kucha za wadogo, jioni baba hunyolea ndevu, na ikifika siku ya kumnyoa mtoto mchanga nywele zake za kwanza, au ya kumchanja mgonjwa chale, wembe ule ule huchomolewa ukutani ukaitwa kazini.

Nimeanza na wembe huo kwa kuwa hivi majuzi kijana mmoja wa hapa Ngara, aliyeajiriwa karibuni na ambaye ndevu zake ndiyo kwanza zinakaza, aliniuliza kama ina maana yoyote katika zama hizi mtu kujitaabisha kujifunza ule wembe wa kukunja wa wazee, wenye mpini na makali marefu yasiyo na kinga, unaotaka kunolewa kila siku na uwezao kumkata mtu kwa kosa dogo la mkono, au abaki tu na wembe wa dukani uliotiwa katika kishikio chake, usiomdai ujuzi wowote. Nilimjibu ajifunze, naye akadhani nasema hivyo kwa mapenzi ya mambo ya kale. Sivyo. Jambo hili nimelifikiri kwa muda mrefu, na sababu yangu hasa ni ule wembe wa ukutani.

Mmarekani King C. Gillette, aliyeanzisha kampuni yake mjini Boston mwaka 1901, na ambaye katika mwaka wake wa kwanza wa biashara, 1903, aliuza vishikio 51 na nyembe 168 tu kabla ya ulimwengu kumkimbilia, hakuwa wa kwanza kubuni kinga ya chuma ya kuzuia makali yasizame katika ngozi, maana kinga zilikuwapo kabla yake. Lake yeye lilikuwa kuufanya wembe uwe mwembamba na wa bei nafuu kiasi kwamba mtu hataona hasara kuutupa na kununua mwingine. Kwa hiyo usalama wa wembe huo una nguzo mbili, kinga na kutupwa, nasi, kwa uhaba wa fedha na kwa ile tabia njema ya kutopoteza mali, tumeipokea nguzo ya kwanza tukaiacha ya pili. Wembe wa kutupwa kwetu hautupwi. Na maadamu hautupwi, wala hauna thamani ya kumfanya mtu auite wake, umekuwa mali ya kila mkono.

Pengine mahali pengine lingekuwa jambo dogo, lakini hapa ni Kagera. Katika mkoa huu ndiko wagonjwa watatu wa kwanza wa UKIMWI katika Tanzania walikotambuliwa mwaka 1983, na wahenga waliosema kuwa mwenzako akinyolewa wewe tia maji hawakutukuta tayari, kwa kuwa maji sisi tuliyatia tukiwa tumekwisha kuwazika ndugu wengi. Njia kuu ya maradhi yale haikuwa wembe, wala sitaki mtu aseme kuwa nimesema hivyo. Lakini homa ya ini ya aina B ina kirusi kigumu zaidi, kiwezacho kukaa juu ya kitu kikavu siku saba na bado kikamwambukiza mtu, na mkwaruzo usioonekana kwa macho watosha.

Mwishoni mwa Aprili 1994, watu takriban robo milioni walipovuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda kwa muda wa siku moja hivi, na kambi ya wakimbizi ya Benaco, hapa Ngara, ikawa mji kabla haijapata vyoo, nilimwona kinyozi ameketi juu ya dumu chini ya mti, ameubana wembe mmoja katika kijiti kilichopasuliwa, na mbele yake mstari mrefu wa wanaume na watoto. Akimaliza kichwa kimoja huupangusa wembe katika suruali yake, kisha huita kichwa kinachofuata. Sikumlaumu, wala leo simlaumu, kwa sababu wembe wa pili angeutoa wapi? Lakini tarehe 20 Januari 2025, Rais Samia Suluhu Hassan alipotangaza kuwa virusi vya Marburg vimeingia wilayani Biharamulo, nasi tukaishi kwa hadhari, tukikatazwa kugusa damu na majimaji ya mwili wa mwingine, hadi tarehe 13 Machi mlipuko ulipotangazwa kwisha ukiwa umeondoka na roho kumi, nilimkumbuka kinyozi yule wa Benaco, nikajiuliza ni nyumba ngapi zilizoweka ndoo ya kunawia mlangoni ilhali wembe wa nyumba ungali ukutani.

Sasa utazame wembe wa kukunja. Neno lenyewe la wembe halikuja na jahazi kama yalivyokuja sabuni na shabu. Ni letu la Kibantu, na jirani zetu wa Rwanda, ng'ambo ya mpaka, husema urwembe. Na nchi hizi, ambako wahunzi wa Kirongo wa Buzinza na wenzao wa Buhaya waliyeyusha chuma kabla Mjerumani hajajenga boma lake pale Biharamulo, hazikungoja duka ndipo zijue makali. Baba yangu, Mungu amrehemu, alikuwa na wembe alioununua Bukoba kabla ya uhuru, na katika nyumba yetu yenye watoto wanane hapakuwa na aliyethubutu kuugusa, wala si kwa kuogopa fimbo tu, bali kwa sababu ulikuwa wa Baba kama kofia yake ilivyokuwa ya Baba. Hakuna aliyeuchongea penseli. Ughali wake na taabu ya kuutunza ndivyo vilivyoupa mwenyewe, na kitu chenye mwenyewe hakizunguki.

Mimi nilijifunza ukubwani. Wiki ya kwanza nilinyoa mashavu tu, chini ya masikio, penye ngozi iliyonyooka, kidevu na mdomo wa juu nikavimalizia kwa wembe wa dukani. Mkono wa kushoto huvuta ngozi hata ikakaza. Wa kulia huulaza wembe karibu na shavu, mgongo wake umeinuka kadiri ya theluthi ya pembe mraba, na wembe huteremka bila kusukumwa, ukitoa sauti nyembamba kama ya karatasi laini ichanwayo chumba cha pili. Sauti ikikatika, ama makali yamekufa ama mkono umeinuka. Kabla ya hapo huwa umeupitisha mara thelathini hivi, kwenda na kurudi, juu ya mkanda wa ngozi, mgongo ukitangulia na makali yakifuata, maana ukitanguliza makali utakata mkanda na kuuharibu wembe wenyewe. Kinoo huhitajika mara chache tu kwa mwaka. Ukimaliza hukaushwa na kupakwa tone la mafuta, kwani unyevu wa masika haukawii kuleta kutu, kisha shabu iliyoloweshwa hupitishwa usoni, nayo kwa mchomo wake humwonyesha mtu kila mahali mkono wake ulipokosea. Baada ya miezi mitatu uso wangu ulikuwa umetulia.

Tena kuna vipele vya ndevu, taabu ya wanaume wengi wenye nywele za kujipinda kama zetu. Vile vinyoleo vya siku hizi vyenye makali mawili na matatu yaliyopangwa pamoja huuvuta unywele na kuukata chini ya usawa wa ngozi, nao ukikua hujikunja ukaingia ndani kabla ya kupata njia ya kutoka. Makali mamoja, yakifuata uelekeo wa nywele na kupita mara moja tu, huuacha unywele juu kidogo. Anayeupitisha kinyume ili shavu liwe laini kama la mtoto atapata vipele kwa wembe wowote ule.

Nakiri kwamba wembe mzuri wa kukunja haupatikani katika maduka ya Ngara mjini, na kwamba bei yake ingenunua nyembe za dukani za miaka. Kwamba mzee ambaye mkono wake umeanza kutetemeka hana haja nao kabisa, wala mtu anayenyoa gizani akiwahi basi la alfajiri. Hao wabaki na wembe wa dukani, bali kila mmoja awe na wake uliofichwa mbali na penseli za watoto, na ukichoka usitupwe shambani penye miguu mitupu.

Lakini katika kibanda cha kinyozi, wembe wa kukunja usio na makali ya kubadilishwa hauna nafasi hata kidogo, kwa ile ile sababu inayoupa nafasi nyumbani: ni wa mtu mmoja, na pale watu ni wengi. Ndevu zangu nazinyoa mwenyewe. Kisogo, kwa kuwa kinyozi hajinyoi, nampa mwingine. Mwezi uliopita nilikuwa Nyakanazi nikingoja gari, nikaingia kwa kijana mmoja aliyenikata nywele kwa mashine ya umeme, na alipofika kwenye ukingo wa shingo akasema, "Shikamoo tena mzee, hebu tazama," akanionyesha wembe ungali katika karatasi yake, akauvunja katikati ukiwa humo humo, akatia nusu moja katika kishikio. Alipomaliza aliitoa nusu ile kwa ncha za vidole, akaitumbukiza katika kopo la maziwa alilolitoboa ufa mfunikoni, nami nikaisikia ikigonga zile zilizotangulia.